Jina Linalokosekana Kwenye Fomu ya Dolo

Ukitaka kujua pombe nzuri ya mtama inapikwa wapi Ouagadougou, usihangaike kuuliza watu wa maofisini. Nenda Gounghin, mpite fundi wa pikipiki, utaona benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na juu yake wanaume watatu ambao hakuna jambo wasilolijua. Wa kwanza ni Haji, fundi cherehani aliyepewa jina hilo ingawa Makka hajafika wala nauli yake hajaitafuta. Pombe haonji. Kazi yake kijiweni ni kupika chai kwa mikupuo mitatu, wa kwanza mchungu mpaka unakunja uso, wa mwisho mtamu. Wa pili ni Toé, Msamo kwa kabila, aliyelinda geti la hospitali miaka ishirini na miwili na kwa sababu hiyo anaitwa Daktari, na anatibu kweli. Wa tatu ni Tassere Ilboudo, Mmosi, dereva wa guta la mizigo, ambaye wenzake humwita Ramani kwa kuwa hakuna kilabu cha dolo, ndiyo hiyo pombe ya mtama, asichoweza kukifikia mjini amefumba macho. Alhamisi hiyo, saa nane mchana, vumbi la kaskazini limefunika jua, watatu hao walikuwa na kazi nzito. Ilibidi wakubaliane.

Kamati ya Siku Tatu za Dolo ilikuwa imegawa fomu kwa vijiwe vyote vya chai. Kila kijiwe kipendekeze mpishi mmoja. Watano watakaochaguliwa watapika kwenye tamasha, na tamasha likiisha watabaki na vibanda vya kudumu kwenye uwanja mpya, vyenye bati na bomba la maji. Fomu zilikuwa zinakusanywa siku hiyo, mwisho saa kumi.

Tassere hakuona ugumu wowote. Kilabu alichokichagua kinaitwa Kwa Msamo, kiko nyuma ya reli, na ukutani kimeshapigwa alama ya rangi nyekundu. Barabara inapanuliwa. Mvua za kwanza zikinyesha, mama wa pale hatakuwa na mahali pa kuweka hata chungu kimoja. Tassere aliingia pale mara ya kwanza miaka kumi na moja iliyopita, wiki aliyomzika baba yake, na tangu hapo hajawahi kupitisha siku tatu bila kurudi. Juzi alimwambia yule mama, mbele ya wateja wote, akae atulie, kibanda ameshapata. Mwanaume ameshatoa neno, basi tena.

— Tuanze kazi, alisema Tassere, fomu mapajani na kalamu sikioni. Kijiwe hiki kinapendekeza Kwa Msamo. Anayepinga aseme sasa hivi.

— Napinga, alisema Haji bila kuinua macho kwenye birika.

— We hunywi.

— Ndiyo maana kichwa changu ni kizima. Mimi nampendekeza yule mama wa mtaa wa Pissy. Ana viti vyenye migongo, choo chake kina mlango, na ile dolo tamu ambayo haijachacha anaiweka kwenye barafu.

— Haji, hili tamasha la dolo, si la viti.

— Wiki tatu mmenizungusha mji mzima kwenye guta lako nikae juu ya magunia. Tampouy, Dapoya, Wemtenga, mpaka Kossodo kule. Mgongo wangu nao una haki ya kupiga kura.

— Wemtenga palikuwa pazuri, alisema Toé. Kibuyu bei chee, na nyama ya nguruwe mlangoni.

— Wemtenga walitia maji, alisema Tassere. Nilikunywa vibuyu vinne nikaendesha guta mpaka nyumbani kwa mstari ulionyooka. Hiyo ni dolo au ni supu?

— Na tamasha la mwaka jana?

— Usinikumbushe. Dolo kwenye vikombe vya plastiki, bei mara tano, halafu maspika yanapiga mpaka povu linazama. Mwaka huu ndiyo tunataka mpishi wa kweli aingie mle, awafundishe. Na mpishi wa kweli ni Kwa Msamo. Naandika.

Toé alinyoosha mguu wake mrefu akaikanyaga ncha ya fomu kidogo, kwa makusudi.

— Mmosi akishika kalamu anadhani kashika ufalme.

— Toa mguu, mla mbwa. Watu wakijadili mambo ya mji, watumwa wanachochea mkaa.

— Mimi ndiye niliyemnunua babu yako kwa kichwa cha mbwa, na bado nilipunjwa.

Haji aliendelea kumimina chai kutoka juu kabisa ili itoe povu, na hakuna aliyegeuka. Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi za mababu, na kichwa cha mbwa wamekigombania mpaka leo hakijaisha nyama. Siku Toé asipotukanwa hurudi nyumbani akidhani ana homa. Lakini tusi hilohilo, ukimpelekea mtu wa ukoo wako aliyekuzidi umri, utabeba kuku kwenda kwa wazee kuomba radhi, na huenda wakamkataa kuku.

— Sababu za kumpendekeza, alisoma Tassere. Hapa nataka tuwe wataalamu. Naandika ya kwanza: maji. Mama yule hachoti bombani. Anachota kisimani, alfajiri, kabla ya ndege kuamka.

— Maji si kitu, alisema Toé. Andika mkono. Mkono wa mwanamke wa Kisamo una joto lake. Sisi tunalijua hilo hospitalini. Kuna mikono ukipima joto unapata thelathini na saba, ya Wasamo inapita. Kimea kikiguswa na mkono ule kinaota kwa adabu.

— Ulikuwa unapima joto getini?

— Getini ndiko wanakopita wote, wagonjwa na wazima. Daktari wa ndani anaona nusu tu ya watu.

— Nyie wote mnakosea, alisema Haji, ambaye viti vya Pissy alikuwa ameshavisahau. Siri yake ni vyungu. Havijawahi kuoshwa kwa sabuni. Mimi nasimama mlangoni, navuta pumzi mara moja, nakwambia hii dolo ni ya jana au ya juzi. Na chachu yake ni ya bibi yake mzaa bibi, haijafa tangu kabla ya Wazungu.

— We umemjulia wapi bibi yake?

— Nimenusa.

Tassere aliandika yote. Hakuwa mtu wa kutupa hoja. Mkupuo wa pili wa chai ulipopita, sababu zilikuwa zimejaza nafasi iliyotolewa, zimeingia pembeni, sasa zilikuwa zinageuka nyuma ya karatasi.

— Weka na hii, alisema Toé. Dolo yake inamjua mnywaji. Mmosi inampanda mdomoni kwanza. Msamo inampanda miguuni, anaanza kucheza. Mbobo inampa usingizi. Pombe ya kawaida haina akili hiyo.

— Na inasikiliza, alisema Haji. Mmegundua yule mama haongei dolo ikichemka? Anajua. Ukiipigia kelele inachacha kwa hasira, inakuwa kali. Ndiyo maana dolo ya karibu na gereji haifai.

— Hilo kweli, alisema Tassere, aliyeishi karibu na gereji. Na mwezi je?

— Mwezi unahusika, walisema wengine kwa pamoja, na Tassere akaandika mwezi.

Alipoweka nukta alijisikia mwepesi moyoni. Aliiona kabisa: bati jipya, bomba, yule mama kakaa juu ya kigoda chake, na yeye Tassere akiingia asubuhi ya kwanza kama mwenye nyumba. Hakuwa na shaka hata chembe.

Saa tisa na nusu msichana wa kamati alifika kwa pikipiki yake, skafu imefungwa puani kuzuia vumbi, mkoba wa plastiki kifuani umejaa fomu. Alijitambulisha kuwa anaitwa Pélagie. Aliwasalimu mmoja mmoja, akauliza habari za watoto, za kazi, za joto, akapewa nafasi kwenye benchi na glasi ya chai. Ndipo akaipokea fomu kutoka kwa Tassere, ambaye aliikabidhi kwa mikono miwili.

— Mmejitahidi, wazee wangu. Sababu mmeandika mpaka nyuma.

— Sisi hatufanyi kazi nusunusu, binti yangu.

— Mwezi unahusikaje?

— Ni mambo marefu. Tutawaeleza kwenye kamati.

Pélagie alirudi mwanzo wa karatasi, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza.

— Hapa juu mmeacha wazi. Huyu mama anaitwa nani?

Haji aliinama akaupuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri bila msaada wake. Toé alimtazama Tassere. Tassere alimtazama fundi wa pikipiki, aliyekuwa ng'ambo ya barabara na wala hakuhusika.

— Kwa Msamo, alisema Tassere.

— Hapo ni mahali, baba. Jina lake.

— Wateja wanamwita Mama. Wengine wanamwita Msamo.

— Ni dada yangu huyo, alisema Toé. Mimi na yeye damu moja. Kila nikienda ananiongezea kibuyu cha bure.

— Basi dada yako anaitwa nani?

— Namwita Dada.

Tassere alitoa simu, akaipekua kwa kujiamini, maana namba yake alikuwa nayo. Humo alikuwa amemwandika Dolo. Alipiga, ikaita mpaka ikakata. Siku ya kuchemsha yule mama hashiki simu.

— Mmekunywa kwake miaka mingapi? aliuliza Pélagie. Hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma.

— Kumi na moja.

— Nisameheni, wazee wangu. Fomu isiyo na jina siwezi kuipokea. Na nikipata jina ni lazima aweke saini mwenyewe. Saa kumi nafunga mkoba.

Tassere alirudisha simu mfukoni. Alizijua bei za vibuyu vya mji mzima. Alijua kimea cha yule mama kinaanikwa siku ngapi na kuni zake zinatoka wapi. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya kitoto, kama ya mtu aliyeulizwa darasani neno dogo ambalo hata wadogo wanalijua.

— Pandeni, alisema. Panda na wewe Haji, leo hakuna magunia.

— Chai ya tatu bado.

— Panda na birika.

Walikwenda hivyo, guta mbele na Pélagie nyuma yake, Haji kalikumbatia birika la moto ndani ya kofia yake. Njiani walipanga. Toé, kwa kuwa ni ndugu, ndiye atakayeuliza. Walipovuka reli Toé alisema kwa kweli koo lake halikuwa zuri tangu asubuhi.

Yule mama alikuwa amesimama kwenye moshi, mwiko mrefu mikononi, vyungu vinne vimepangwa kwenye jiko la udongo. Mfupi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa haraka, macho mekundu kwa kuni. Alipowaona aliweka mwiko, akachota dolo iliyoiva jana, akanywa yeye kwanza kama mpishi anavyopaswa, kisha akamnyooshea Tassere kibuyu. Kwa kawaida hapo ndipo Tassere angeanza: we mtumwa wangu, mla mbwa we, umenitilia sumu leo au umesahau. Miaka kumi na moja alikuwa hajakosa. Siku hiyo alikipokea kimya, na yule mama akamtazama vizuri.

— Unaumwa?

— Hapana.

— Nani kafa?

— Hakuna aliyekufa, mama, alisema Pélagie. Hawa wazee wanataka upate kibanda kwenye uwanja mpya. Wamekuandikia mambo mengi mazuri. Limebaki jina lako tu.

Yule mama aliwapitisha macho mmoja baada ya mwingine. Haji alikuwa kalitazama birika lake.

— Ndugu yangu Toé, mwambie basi.

— Aa, Dada, ukisema mwenyewe inapendeza zaidi.

Alicheka kidogo, akafuta mikono kwenye kanga.

— Andika, binti yangu. Yampoko Ilboudo, wa kijiji cha Saponé.

Pélagie aliandika. Kisha kalamu ilisimama, macho yake yakashuka mpaka chini kabisa ya karatasi, yakapanda tena juu.

— Na anayependekeza naye ni Ilboudo. Wa Saponé pia.

— We ni Mmosi, alisema Tassere. Sauti ilimtoka ndogo.

— Mimi ni Mmosi tangu nizaliwe. Msamo ni yule mama aliyekuwa hapa kabla yangu. Aliniachia vyungu na wateja, na jina likabaki na vyungu.

— Mimi nilihisi kuna kitu, alisema Toé.

— Ulihisi nini wewe? Hujanisalimu kwa Kisamo hata siku moja.

— Kisamo changu ni kidogo, Dada, alisema Toé, na katika miaka yote ya kijiwe hakuna aliyewahi kumsikia akikiri jambo kama hilo. Nilizaliwa hapahapa mjini. Niliogopa ungenijibu.

Tassere hakuwasikia vizuri.

— Saponé kwa nani?

— Kwa mzee Kouliga. Baba yako Noraogo na mimi, baba zetu walikuwa mtu na mdogo wake, ua mmoja. Noraogo ndiye alinibeba mgongoni kuvuka mto wakati wa mafuriko, nikiwa mdogo hivi. Alihamia huku mjini kabla hujazaliwa, na mimi nikaolewa mbali.

Kwa hiyo ni shangazi. Tassere alihesabu maneno aliyomwambia mwanamke huyo kwa miaka kumi na moja, mbele za watu. Kuna watu waliofukuzwa ukoo kwa sehemu ya kumi ya matusi yale. Aliweka kibuyu chini, akapiga magoti palepale kwenye majivu, mbele ya wateja, akainamisha kichwa mpaka karibu na ardhi kama inavyopasa mbele ya dada wa baba.

— Shangazi. Ulinijua tangu lini?

— Tangu siku ya kwanza. Ulimwaga dolo kidogo chini ukalitaja jina la baba yako. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Noraogo amefariki.

— Na hukusema.

— Nilitaka kusema. Nilikuja na kibuyu cha pili nikuambie. Ulikuwa umekaa pale pembeni, uso umevimba, siku nzima hujafungua mdomo. Ukaniona, ukasema, we Msamo, nani kakuruhusu kupika pombe bila idhini ya bwana wako. Halafu ukacheka. Kicheko cha Noraogo kabisa. Nikajiambia, Yampoko, ukimwambia huyu kwamba wewe ni shangazi yake atapiga magoti, atakunywa kwa adabu, atakwenda kulilia nyumbani peke yake. Shangazi hataniwi. Nikasema acha niwe Msamo mpaka apone. Ukapona, ukazoea, na mimi nikazoea.

Haji alikuwa ameweka birika chini bila kujua ameliweka wapi. Tassere alilia, na hakuficha uso. Alilia kama alivyopaswa kulia miaka kumi na moja nyuma, na shangazi yake akamwacha amalize, kisha akamshika chini ya kwapa akamwinua, mtu mzima yule, kama anainua gunia la kimea.

Pélagie alikohoa kidogo. Zilibaki dakika saba. Yampoko alipokea kalamu, akaweka saini polepole, herufi moja moja, akalipuliza jina lake likauke.

— Kuna mstari wa mwisho, alisema Pélagie. Uhusiano wa anayependekeza na mpishi. Mlikuwa mmeandika hapa mteja.

— Kata, alisema Tassere, na sauti yake ilikuwa imerudi. Kata hilo neno. Andika mtoto wa kaka yake, na uliandike kubwa, kamati nzima ilisome.